Kupunga Upepo Hadi Mtoni

Mpaka leo mtu akiniambia anakwenda "kutembea kidogo," namkunjia uso. Si kosa lake, maskini, yeye anataka tu kunyoosha miguu baada ya kushiba. Kosa ni la bwana mmoja wa wilayani kwetu, enzi zile za vijiji vya ujamaa, aliyesimama mbele ya mama yangu akasoma kwa Kiingereza kwamba wanawake wa kijiji chetu huenda mtoni kupunga upepo. Na aliyesimama ubavuni pake ayageuze maneno hayo kuwa Kihispania nilikuwa mimi. Ptuu! Hata kuyaandika sasa naona kinyaa.

Nieleze nilifikaje pale. Nilikuwa nesi katika hospitali ya wilaya, Mbozi. Kabla ya hapo serikali ilinipeleka Kuba kusomea uuguzi, nikakaa huko miaka kadhaa, nikarudi na cheti, na makovu ya mbu wa kule miguuni, na Kihispania ambacho hapa kwetu sikuwa na mtu wa kukizungumza naye. Wenzangu wodini walinitania. "Hebu tutukane kwa Kikuba," walikuwa wakiniambia tukipumzika, nami nawatukana, wanacheka hadi machozi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote ya Kihispania changu, mpaka siku nilipoitwa ofisini kwa mganga mkuu nikaambiwa kuna wataalamu wa maji wa Kikuba wanazunguka wilaya, hawajui Kiswahili, hawajui Kiingereza, na kesho yake watakwenda kwenye kijiji cha mfano kilicho njia ya Tunduma. Kijiji chenyewe kilikuwa chetu.

Kijiji cha mfano! Nilicheka peke yangu koridoni.

Sisi asili yetu ni bondeni, mtoni. Kila familia ilikuwa na boma lake, migomba yake, na maji yakipita nyuma ya nyumba. Ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, tukaambiwa tupande juu kwenye barabara kuu, tupangwe kwa mistari, ili shule ije, zahanati ije, maji yaje. Shule ilikuja, sikatai. Zahanati ilikuja, ingawa kabati lake la dawa lilikuwa na buibui wengi kuliko vidonge. Maji hayakuja. Walihamisha watu, mbuzi, kuku na mapaa ya nyumba, lakini mto hawakuuhamisha. Kwa hiyo kila asubuhi wanawake walishuka kulekule walikotolewa, wakachota, wakapanda mlima na maji kichwani. Mama yangu alikuwa akipita kwenye mafiga yake mwenyewe, yale mawe matatu ya jiko lake la zamani, nyasi zimeota katikati.

Baba alikuwa ameshafariki, na dada zangu wote wameolewa mbali, wengine hadi Ibaba huko milimani. Mama alibeba mwenyewe. Masika moja akateleza kwenye ule mteremko wa mawe, mtungi ukapasuka, nyonga ikaumia. Alikaa ndani wiki kadhaa, akainuka, akajisukia ngata mpya ya kichwani, akaanza tena, mguu mmoja akiuburuta. Nilimleta kwa daktari wetu. Baada ya kumpima, daktari aliniita pembeni akaniambia bila kuzunguka kwamba mama akiendelea kubeba maji kwenye mlima ule, si muda mrefu atatambaa. Nikamsihi mama aje tukae wote kwenye nyumba za manesi. "Nije nikae chumbani nitazame ukuta?" akasema. "Nani atalima?"

Basi ikabaki dawa moja tu, nayo haikuwa kwenye kabati lolote: maji yapande yaje juu. Na hao Wakuba walikuwa wanatafuta kijiji cha kuchimbia kisima kirefu chenye pampu ya mkono. Kimoja tu kwa upande wetu, kuanzia. Nililala na furaha kama mtoto anayengoja sikukuu.

Asubuhi nikapanda Landrova pamoja na wageni. Walikuwa wawili, mwanamume mpole aliyebeba kamera, na mhandisi mwenyewe, mwanamke mnene wa makamo, uso umeungua jua, sauti nzito ya sigara. Mbele alikaa yule bwana wa wilayani. Hakuwa mtu wa kwetu. Kinamwanga, lugha yetu, hakukijua hata salamu, na hakuona haya kwa hilo. Shati lake lilipigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate, na viatu vyake vilikuwa vile vya kung'aa vilivyopatikana ng'ambo tu, upande wa Zambia, wakati sisi hata sabuni ya kufulia tulikuwa tunaisikia kwenye redio. Njiani akanieleza mpango wake bila aibu yoyote.

"Hapa tunawaonyesha mafanikio tu, nesi. Kisima watachimba kwingine, kwenye shida."

"Mzee, na hapa shida ipo. Maji yako mbali."

Akageuka akanitazama kama nimekohoa mezani. "Hapa mahali nilipachagua mimi mwenyewe wakati wa operesheni. Maji yako karibu. Ripoti zote zinasema hivyo."

Nikaelewa. Akisema maji yako mbali, ataulizwa nani aliyewaweka watu mbali na maji. Kwa hiyo afadhali mama yangu atambae.

Tulipofika, nikataka kulia kwa hasira. Maji yalikuwa kila mahali! Mapipa mawili mbele ya ofisi ya kijiji, yamejaa pomoni. Mitungi kwenye kila kizingiti, imefunikwa na majani mabichi. Ua lote lilikuwa limenyunyizwa ili vumbi lisiwapande wageni. Beseni la kunawa, kopo la kunawa, na beseni jingine la akiba. Mama zangu walikuwa wamesikia wageni wanakuja, wakashuka mtoni jana yake kutwa nzima, wengine wakarudia, ili mgeni asije akakuta mtungi mtupu. Kwetu mtungi mtupu mbele ya mgeni ni fedheha, ni afadhali akukute huna nguo. Walitaka kupewa kisima, na wamekifanya kijiji kionekane kimejengwa juu ya chemchemi. Nani mwingine angefanya kosa kama hilo? Sisi tu.

Nikamwona mama kwenye mstari wa wanawake, kitenge chake cha kanisani, mguu umevimba.

"Mama, na wewe ulikwenda?"

"Mara mbili," akasema, na kwa majivuno! "Tuwaache wageni wafe kiu?"

Nilisonya, akanikata jicho.

Bwana mkubwa akasimama chini ya bendera, akatoa karatasi, akaanza kusoma. Kwa Kiingereza. Hebu nikuulize: wanakijiji hawajui Kiingereza, wageni hawajui Kiingereza. Miaka ile tulikuwa tunaimbiwa kutwa kucha kwamba Kiswahili ndiyo lugha yetu, kila mtu ni ndugu, mkubwa na mdogo ni ndugu. Sasa Kiingereza kile alikisoma kwa faida ya nani? Kwa faida ya shati lake. Alisoma, akanyamaza, mimi nikageuza kwa Kihispania, wageni wakatikisa vichwa, na wanawake wa kijiji wakapiga makofi kila aliponyamaza, bila kujua wanapigia makofi nini.

Ndipo akafika kwenye maji. Wanawake wa kijiji hiki, alisoma, hufanya matembezi mafupi hadi mtoni, na neno alilotumia lilikuwa "stroll." Nililijua. Ni neno la mtu asiye na haraka wala mzigo, anayekwenda kupunga upepo mikono ikiwa nyuma. Nikamwinamia.

"Mzee, hapa una maana gani?"

"Tafsiri kama ilivyo. Hukuletwa hapa kufikiri."

Kihispania kina neno lake kamili, *paseo*. Na si neno nililolikuta kwenye kamusi, nililiishi. Kule Kuba jioni ikifika watu huoga, hujipaka poda, hushikana mikono, hutembea ukutani kwenye upepo wa bahari wakitafuna karanga kwenye vikaratasi vilivyosokotwa. Vijana hutazamana. Wazee huvua kofia kusalimiana. Hiyo ndiyo *paseo*. Lilikuwepo pia neno jingine la safari ndefu ya miguu, la kuchosha, na ulimi wangu ulilitamani. Lakini ningelisema hilo ningekuwa nimemsafisha, nimemvika ukweli asio nao. Uongo ulikuwa wake, nami nilitaka utoke kama ulivyo, na poda yake na karanga zake.

"*Un paseo corto*," nikasema kwa sauti. Matembezi mafupi.

Yule mhandisi akainua nyusi. "*¿Paseo?*"

"*Paseo*," nikajibu, uso mkavu.

Akawatazama wanawake wale, mmoja mmoja, shingo zao, miguu yao. Macho yake yakatua kwa mama, kwa sababu wakati huohuo mama alikuwa anakuja na maji ya kunywa. Alikuwa na kikombe cha bati cheupe chenye mstari wa buluu, kizuri kuliko vyote nyumbani, alichokitunza kwa ajili ya wageni. Akapiga goti kwa shida, lile goti zima, akampa kwa mikono miwili. Mhandisi akapokea, akanywa funda moja, akaniambia nimuulize mama kama mto uko mbali.

Haya, mama, sema! Nikamuuliza kwa Kinamwanga.

Mama akatabasamu. "Hapo tu, mwanangu. Mwambie ni hapo tu."

Lo! Nilitaka ardhi ipasuke. Bwana mkubwa hakuelewa lugha, lakini tabasamu alilielewa, akatabasamu naye, mikono kifuani. "Anasemaje? Karibu, siyo?" Niliwachukia wote kwa pamoja, yeye na karatasi yake, wanawake na mitungi yao, na mama yangu mzazi na adabu zake. Watu wanakunyonga, wewe unawashikia taa!

Halafu nikakitazama kile kikombe, na akili ikanirudia.

Kwetu maji ya mgeni hayasimuliwi. Madhali mgeni ameshika kikombe, hutaji taabu ya maji yale, wala umbali, wala kwamba yamebaki kidogo. Ukitaja, ni kama umemdai, umemtia mkono kinywani. Nikiwa mtoto niliwahi kumwambia mjomba aliyekuwa anakunywa kwamba hayo ndiyo ya mwisho, na shangazi alinifinya paja hadi pakageuka rangi. Mama hakuwa anadanganya. Mama alikuwa anamnywesha mgeni, na mgeni alikuwa bado na kikombe mkononi. Ungemuuliza hivyo mara mia, angekujibu hapo tu mara mia.

Nikamwambia mhandisi kwa Kihispania, taratibu, "Kunywa maji yote. Mrudishie kikombe kwa mikono miwili. Kisha muulize tena."

"Unamwambia nini?" bwana mkubwa akauliza upesi.

"Namfundisha adabu za kwetu, mzee."

Na ilikuwa kweli. Mhandisi alinitazama kidogo, akakiinua kikombe, akanywa hadi tone la mwisho, akainama, akakirudisha kwa mikono miwili. Mama akakipokea, akakikung'uta, akakifunika juu ya mtungi. Akakaa chini, akaunyoosha ule mguu. Mhandisi naye, na suruali yake safi, akakaa chini mkabala naye. Akauliza tena.

"Sasa umeuliza," mama akasema.

Akasema yote. Wanaondoka jogoo wakiwika, wanarudi jua limekuwa kali. Kiangazi mto unakuwa matope, mnachimba kwa mikono na kungoja maji yajikusanye, mkigombana na ng'ombe. Jirani yetu alijifungulia njiani. Na hii nyonga, akasema, akaipiga kwa kiganja, ni ya mlima ule. Alisema bila kulalamika, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia, nami nikayageuza moja kwa moja, Kinamwanga kwa Kihispania, na katikati yetu bwana mkubwa alisimama na Kiingereza chake hana pa kukiweka. "Anasema nini? Nesi! Anasema nini?" Wanawake wengine walikuwa wameshasogea, kila mmoja anaongeza lake.

Mhandisi akauliza jambo moja ambalo sikulitegemea. Alitaka kujua wao wenyewe huiitaje ile safari, maana *paseo* alikuwa ameshaona kuwa siyo.

Mama akashangaa kuulizwa. "Tunasema tunakwenda nyumbani. Si ndiko kwetu? Asubuhi tunaambiana, haya, twende nyumbani. Tukishachota tunasema, haya, turudi kijijini."

Hilo nilishindwa kulitafsiri kwa mara moja. Maneno yake ni mepesi, kila lugha inayo, lakini nililianza mara mbili ndipo likatoka. Nilipolisema, mwanamume wa kamera akashusha kamera yake.

"Muda umekwisha!" bwana mkubwa akapiga makofi. "Tuna ratiba, ndugu zangu."

Mhandisi akainuka, akajipangusa vumbi. Akasema anataka hiyo *paseo* aliyosomewa. Nikalitafsiri hilo kwa Kiswahili safi, na kwa furaha, sitaficha. Bwana mkubwa akasema gari halifiki huko. Mhandisi akajibu kwamba *paseo* haifanywi kwa gari. Wanawake wakatangulia, naye akafuata, na bwana mkubwa hakuwa na njia ila kuja nyuma na viatu vyake vya ng'ambo. Alifika hadi juu ya mteremko, akachungulia chini, akasema atabaki pale kutulinda. Kutulinda na nini, mpaka leo sijui. Tulipopanda tena jua likiwa utosini, mhandisi amejaa matope magotini, tulimkuta amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja amevua, anapepea soksi.

Kisima kilichimbwa kiangazi kilichofuata. Pampu ikasimikwa kati ya shule na kanisa, na mama akawa anakwenda na fimbo na kidumu kidogo, anapiga mpini, anarudi. Nyonga haikupona, lakini hakutambaa. Alitembea hadi mwisho wa maisha yake, na hilo nalishukuru.

Ila niliporudi kijijini kwa sherehe ya kuizindua ile pampu, nani alikuwa chini ya bendera? Yeye! Wakuba walikuwa wameshakwenda zao. Safari hii alihutubia kwa Kiswahili, maana alitaka aeleweke. Alisema kisima kile alikipigania yeye. Alisema aliona kwa macho yake taabu ya akina mama. Kabla ya kuanza aliagiza aletewe kikombe cha kwanza cha maji, na aletewe na yule mama mwenye mguu mbovu, watu wapige picha. Mama akakileta kile cha bati, chenye mstari wa buluu. Akapiga goti.

Alinywa funda moja. Halafu akakishika.

Nilidhani amesahau. Wapi! Alikuwa ameulizia, ameelezwa ile siku ilikuwaje, amejifunza. Kati ya mambo yote ya kwetu, ya heshima na ya utu, alijifunza hilo moja, akalifanya kufuli la midomo yetu. Alihutubia na kikombe mkononi, akilowesha midomo kila baada ya muda, hamalizi, harudishi. Mama alisimama pembeni amekinga mikono yote miwili, anangoja. Wanawake walitazama kile kikombe, wakatazamana, wakanyamaza. Mwanamume mmoja nyuma aliguna, mkewe akamkanyaga mguu. Alipofika pa kusema kwamba sasa matembezi mafupi ya akina mama yamekuwa mafupi zaidi, na akacheka mwenyewe, nilitema mate chini mbele za watu, nesi mzima. Akamaliza, akapungia, akapanda Landrova na kikombe chetu mkononi, maji yakimwagika kwenye suruali, na gari likaondoka kuelekea Tunduma.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakuwahi kusema neno baya juu ya mtu yule, hata nilipomchokoza. Mimi nasema, kwa sababu mimi sikumpa maji. Kikombe kingine alikataa nisimnunulie. Wageni wakija aliwapa maji kwenye kibuyu, na aliyekikumbuka kile kikombe kizuri cha bati akiuliza kilikwenda wapi, mama alimjibu kwa upole uleule.

"Kiko kwa bwana mkubwa. Bado anakunywa."